Figa Lililotoka Angani

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi, jua likiwa utosini. Yaliharibikia angani, mahali ambapo Masunga Ngolo hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, wala hakuwa na mwenyekiti wa kumpelekea mashtaka.

Alikuwa kijijini Zombo, ndani ya jaruba lake la mpunga, maji yakimfika vifundoni. Asubuhi ile mkewe alimpigia simu kutoka Mikumi, kwenye kambi ya watalii alikokuwa mpishi.

"Baba Lightness, leo wananipeleka kambi yao nyingine, upande wa Ruaha. Mpishi wa kule anaumwa. Ndege ina viti vitupu, wametuambia tupande." Sauti ya Generoza ilikuwa ya mtu anayejizuia kucheka. "Nitapita juu yako. Usiiname, nikuone."

Kwa hiyo aliposikia muungurumo hakuinama. Alivua kofia akaipunga. Ndege ilikuwa ndogo, nyeupe, imeshuka chini kuliko siku zote, na mlio wake ulikuwa wa mashine ya kusaga inayoishiwa dizeli: inakohoa, inashika, inakohoa tena. Masunga alicheka peke yake. Alidhani wameshuka makusudi ili mkewe amwone. Kofia ilikuwa bado iko juu ndege ilipopotelea nyuma ya miti ya upande wa kijiji cha Ulaya. Hakuona moshi. Alichoona ni yangeyange, kundi zima, wakiinuka majarubani kwa pamoja kama shuka nyeupe iliyokung'utwa, wakaenda zao bila kutua.

Alibaki amesimama na kofia mkononi, akiusikiliza mlio. Mlio haukurudi.

*

Huko mbugani mawe ni adimu. Udongo ni mweusi. Masika unanyonya kiatu, kiangazi unapasuka, na ukitaka jiwe la kupikia sharti ulifuate mlimani. Ndiyo maana watu hupikia matofali, rimu za matrekta au madongo ya kichuguu. Siku ya msiba, mji wa Masunga ulipojaa watu, wapishi walikuta sufuria kubwa la kanisa limepata mafiga mawili tu ya kimo chake. La tatu halikuwepo.

Hapo ndipo alipoingia Mwanasha.

Mwanasha alikuwa jirani, mama wa makamo, Mwislamu, Msagara wa hapo hapo ambaye babu zake walilima bonde lile kabla Msukuma wa kwanza hajafika na ng'ombe wake. Kwa Masunga alikuwa mtani. Na mtani msibani hana adabu. Kukosa adabu ndiyo kazi iliyomleta. Alifika na mzigo kichwani, umefungwa kwa kanga kuukuu, akautupa chini mbele ya wanaume mpaka vumbi likaruka.

"Haya, Wasukuma!" alipaza sauti. "Mlikuja huku na ng'ombe, mkala mpunga wetu, tukanyamaza. Sasa mmeleta na ndege, nayo imetua kwenye jaruba langu bila hodi! Nani atanilipa?"

Waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku machozi yakiwatoka.

"Mwizi mwenyewe nimemkamata, huyu hapa. Nimemfukua kwenye tope akijificha." Akafungua kanga, akakipiga teke chuma kizito cha ukubwa wa matofali mawili yaliyobanana, kimejaa matope, kina mkono kama wa birika. "Ameua mpishi, sivyo? Basi atapika yeye! Atampikia mgane huyu mpaka aoe. Na atakayemwondoa jikoni bila kunipa mimi jogoo, mtoto wake ataota mkia!"

Masunga, ambaye tangu jeneza liletwe hakuwa amekula wala kusema neno, alitoa sauti. Wengi walidhani anakohoa. Kumbe anacheka. Wazee wakaangaliana, wakatikisa kichwa: huyu sasa ataishi.

Mwanasha alikikandika kile chuma kwa udongo wa kichuguu, akakipiga viganja mpaka kikafanana na wenzake. Pembe moja tu ilibaki wazi, na kwenye pembe ile, chini ya tope, rangi ya chungwa na mstari mweupe. Sufuria likainjikwa. Wali wa msiba wa Generoza ulipikwa juu ya ndege iliyomuua.

Wakati huo maofisa walikuwa kule jarubani na kamera zao. Waliokota mabawa, wakaokota injini, wakapakia kwenye lori. Gari la matangazo lilipita likiomba vipande virudishwe. Vingine vilirudishwa, vingine vilikwisha kuwa vifuniko vya mitungi. Hakuna aliyetangaza kitu cha rangi ya chungwa.

Lightness, binti yao, alifika jioni kutoka Morogoro alikokuwa akisuka nywele saluni. Alilikuta figa limekauka, moto unawaka. Hakurudi tena mjini. Masika yakaisha, kipupwe kikapita, na kila asubuhi alichochea kuni palepale. Baba yake alizoea kukaa kwenye kigoda akililenga figa kwa mate.

"Pika, muuaji," alikuwa akiliambia. "Pika."

*

Kisha ukaja mchele.

Redio ndiyo iliyouleta. Kampuni yenye kambi na ndege ilisema uchunguzi wake umeona chanzo: mzigo wa wafanyakazi ambao haukuandikwa mahali popote. Mzigo gani? Mchele. Mpishi alipanda na mchele.

Ni kweli Generoza alikuwa na mchele. Meneja wa kambi alimwagiza aupeleke kambi ya pili, kwa sababu wageni walikuwa wameusifu mchele wa Kilosa. Asubuhi ile ile, kabla ya kwenda jarubani, Masunga mwenyewe aliusukuma kwa baiskeli mpaka barabarani, ukapanda gari la Mikumi, nusu gunia, hata tairi halikubonyea. Lakini neno lilipotoka Mikumi lilikuwa nusu gunia, lilipofika Ulaya likawa gunia, na lilipoingia Zombo lilikuwa na magunia ya kutosha harusi. Kampuni ikasema kwa hali hiyo fidia isubiri. Na watu sita walikuwa wamekufa, kila mmoja na ndugu zake.

Magreti alikuwa mmoja wa ndugu hao. Mwanawe Peter alikuwa mhudumu wa meza kambini, kijana wa kutegemewa. Masunga alimkuta mashineni, kwenye foleni ya kusaga.

"Shikamoo, mama Peter."

Magreti alitazama debe lake la mahindi.

Masunga alidhani hakusikika, mashine zina kelele. "Shikamoo, mama."

"Pisheni njia," Magreti aliwaambia wanawake waliokuwa mbele yake, bila kugeuka. "Pisheni, mwenye mchele amekuja. Huyu mzigo wake haupimwi."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Hapo Zombo mtoto mchanga akifundishwa kusema, cha kwanza ni mama, cha pili ni shikamoo. Na shikamoo isiyoitikiwa humrudia mtu kama tonge lililokataa kumezwa.

"Mama, umeninyima hata marahaba?"

"Marahaba yangu nimeizika pamoja na Peter," alisema Magreti. "Kamwombe mkeo, wako jirani."

Masunga alibeba mahindi yake yakiwa mazima akarudi nayo nyumbani. Jioni ile Lightness alipika kande.

*

Mtendaji wa kijiji alikuja Septemba, amevaa shati la kazini.

"Mzee Masunga, wewe ndiye tumekupendekeza kwa niaba ya wafiwa. Kilosa mjini kuna watu wametoka Dodoma, wanakusanya maoni ya muswada. Usalama wa ndege za biashara. Wanataka kila ndege ya abiria, hata hizi ndogo, iwe na kinasa taarifa, kitu cha kukumbuka safari nzima. Kampuni inasema ile iliyoanguka haikuwa nacho."

"Muswada ndio nini?"

"Ni sheria ambayo haijawa sheria bado."

"Kama mimba."

"Ee, kama mimba."

"Basi imechelewa," alisema Masunga. "Mama ameshakufa."

Mtendaji alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akarudisha uso. "Nenda, mzee. Mwende pamoja na mama Mwanasha, yeye ndiye mwenye jaruba."

Usiku na mchana Lightness alimfundisha baba yake maneno ya kusema. Yalikuwa machache: Kama ndege ile ingekuwa na kinasa, tungejua kilichomuua mke wangu. Aliyeiruhusu iruke bila kinasa ndiye ajibu, si mchele. Masunga aliyasema akiwa malishoni, akayasema akichota maji, mpaka ng'ombe wakayajua.

*

Ukumbini Kilosa, viti vya mbele vilikuwa na vitambaa na maji ya chupa. Wafiwa waliwekwa nyuma, karibu na feni isiyozunguka. Mwanasha alijifunga mtandio wake wa Idi, akakaa mikono mapajani kama mtu aliyeletwa mahakamani.

"Mtani," alimnong'oneza Masunga, "wale wa mbele maji yao yana barafu. Sisi wenye kiu, kavu kabisa."

"Nyamaza. Wewe umeuliwa jaruba tu, mimi nimeuliwa mke."

"Na mpunga je? Hujui mpunga una roho?"

Alisimama Bwana Melkizedek wa kampuni, mtu mnene wa sauti laini, anayejipepea kwa karatasi. Aliwapa pole wafiwa bila kugeuka kuwatazama. Alisema kinasa ni kitu cha gharama. Ndege ndogo zikilazimishwa kubeba kinasa nauli itapanda, watalii watakwenda nchi nyingine, vijana wa Mikumi watakosa kazi.

"Na katika ajali hii mnayoifahamu," alisema, "kinasa kingetuambia nini tusichokijua? Ndege yetu haikuwa nacho, kwa sababu sheria haikututaka tuwe nacho. Na chanzo kinajulikana. Ni mzigo."

Watu wachache waligeuza shingo kumtafuta mwenye mzigo. Masunga aliikaza taya. Ngoja, aliwaza. Ngoja nisimame.

Akafuata mtaalamu wa serikali, injinia wa ndege aitwaye Beda, kijana mwembamba anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alimulika picha ukutani.

"Wengi huliita sanduku jeusi," alisema, "lakini si jeusi. Limepakwa rangi ya chungwa ili lionekane haraka. Linakumbuka mwendo, kimo, hali ya injini. Mengine yananasa hata sauti za waliokuwa ndani. Na niseme tu kwamba ndege nyingi ndogo tunazoletewa mitumba huwa zimefungwa nalo tayari, hata kama sheria yetu haidai."

Picha ilikuwa kubwa, imejaa ukuta. Chuma cha ukubwa wa matofali mawili. Rangi ya chungwa. Mstari mweupe. Mkono kama wa birika.

Vidole vya Mwanasha viliukamata mkono wa Masunga, kucha zikaingia.

"Mtani," alisema. Hakukuwa na utani tena katika sauti ile. "Mtani wangu. Mungu wangu."

"Sasa tumsikie Mzee Masunga Ngolo," kipaza sauti kiliita. "Mwakilishi wa wafiwa. Mzee, kwa ufupi."

Masunga alisimama. Maneno ya Lightness, yale ambayo hata ng'ombe waliyajua, yalikuwa yamekwisha kichwani kama maji kwenye chungu kilichotoboka. Aliona moto tu. Aliona kuni zikisukumwa asubuhi, na mchana, na jioni.

"Nauliza," alisema. "Hilo sanduku... likiinjikwa sufuria juu yake. Kila siku. Linaendelea kukumbuka?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. "Mzee, hilo si jiko!" mtu wa katikati alipayuka. "Muulize kama linakaanga chipsi!" Mama aliyeongoza kikao aligonga kipaza sauti huku akiuma midomo. "Baba, tafadhali, tujikite kwenye vifungu. Asante. Anayefuata."

Masunga alikaa. Kati ya wote waliokaa mbele, wawili hawakucheka. Mmoja alikuwa Injinia Beda. Wa pili alikuwa Bwana Melkizedek, ambaye aliacha kujipepea, akachukua simu yake, akatoka kwa mlango wa pembeni.

*

Beda aliwafuata mpaka kwenye pikipiki za abiria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Swali lako lile, mzee. Ulimaanisha nini?"

Masunga alimtazama viatu, suruali, kitambulisho kifuani. "Mwanangu, watu wa vitambulisho nimeshawaona. Mlikuja mkaokota mabawa. Mkanirudishia mke kwenye sanduku lililopigiliwa misumari, mkanikataza nisilifungue. Nikauliza kilichomuua, mkaniambia mchele. Leo nimeuliza swali, mmecheka. Sasa ndiyo unanipa shikamoo?"

"Mimi sikucheka."

"Ulikuwa umekaa na wanaocheka."

Beda alitoa kalamu. Aliandika namba yake ya simu kwenye pakiti ya biskuti, akampa Mwanasha, kwa kuwa Masunga hakunyoosha mkono. "Mama, kama kuna kitu, nipigieni mimi. Msimpigie mtu mwingine. Na msikiache peke yake."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyowakimbiza. Walipakiana mshikaki kwenye pikipiki moja, dereva, Masunga na Mwanasha, wakakipita kijiji cha Masanze bila kusimama. Vumbi la kiangazi liliwajaa midomoni.

"Nitafungwa," Mwanasha alikuwa akisema mgongoni mwake. "Masunga, mtu anafungwa kwa utani? Mimi nilitaka ucheke tu. Ulikuwa unakufa, nikataka ucheke."

"Nilicheka," alisema Masunga. "Endesha, kijana."

*

Walikuta pikipiki nyingine uani, imefungwa mizani na vipande vya mabati. Lightness alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, na mbele yake Mudi, mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Mikumi. Mudi walimfahamu, alipita kila baada ya mavuno akinunua majembe yaliyochakaa. Leo jasho lilikuwa linamtoka kama aliyelikimbilia basi.

"Dada Lightness, nielewe. Naleta jiko la gesi, jipya, na mtungi wake, leo leo kabla jua halijazama. Nipe hilo figa tu."

"Kama ni chakavu, jiko la gesi la nini?"

"Basi tu, nawaonea huruma na moshi."

"Hii huruma ilikuwa wapi masika, kuni zilipokuwa mbichi?" Lightness aliuinua mwiko kidogo. "Hili lina mwenyewe. Halitoki bila jogoo. Mimi sitaki kuzaa mtoto mwenye mkia."

"Unaamini mambo hayo, na wewe umekaa Morogoro?"

"Simwamini mtu anayetoa jiko zima kwa figa moja. Hilo ndilo nisiloliamini."

Simu ya Mudi iliita. Aliitazama akaizima. Ikaita tena.

"Nani huyo?" Masunga aliuliza nyuma yake.

Mudi aligeuka. Alipomwona mzee na Mwanasha, mabega yalimshuka. "Shikamoo, mzee. Mimi natumwa tu. Nina watoto, unajua."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Mtu amempigia mtu, mtu akanipigia mimi. Kaniambia kwa Masunga kuna chuma jikoni." Alipanda pikipiki yake, akaiwasha, lakini hakuondoka mara moja. Alisema bila kuwatazama, "Mzee, mimi nimekuja mchana na nimeomba. Watakaokuja baada yangu sijui kama wanajua kuomba."

*

Walipomweleza walichokiona ukutani, Lightness aliuvuta moto nje, kuni moja moja, akazimwagia maji. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba jiko lile lipoe. Moshi mweupe ulijaa ua, na watatu hao wakakaa ndani yake wakipikicha macho.

"Tulitupe mtoni," alisema Mwanasha. "Nani atajua?"

"Mudi anajua. Aliyemtuma anajua," alisema Masunga.

"Wakilikuta kwetu watasema tulilificha. Watasema tulilichoma makusudi, ili mchele usijulikane! Wewe mwenyewe umesema, hao watu hawana haya."

"Nimesema."

"Basi?"

Masunga alilitazama figa. Kwa muda wote ule alikuwa akilitemea mate na kuliita muuaji. Sasa alijiuliza, je, kama ndani yake mna shahidi? Labda Generoza alisema neno mle ndani. Labda alisema, angalia chini, mume wangu yule, mwenye kofia. Na yeye akamchochea kuni.

"Tukilitupa," alisema, "mama yake Lightness atabaki mchele. Nikifa mimi, wajukuu wataambiwa, bibi yenu ndiye mchele ulioangusha ndege. Tukilitoa, huenda tukafungwa." Akainuka. "Lightness, kamata jogoo."

Jogoo alikuwa mmoja tu, mwekundu. Lightness alimleta amemshika mabawa. Masunga akampokea, akapiga goti moja mbele ya Mwanasha, kama desturi inavyotaka.

"Mtani, nakomboa figa langu."

Hapo mtani hupaswa kumkagua jogoo, amdharau, aseme huyu ni kunguru wa Shinyanga, alete mwingine. Watu hucheka, hupatana, mambo yakaisha. Mwanasha hakumkagua. Alimpokea jogoo, akamkumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akalia mpaka jogoo naye akaanza kulalama.

"Mpigie yule kijana," Masunga alimwambia binti yake. "Halafu nenda kwa mtendaji, nenda kwa shehe, nenda kwa katekista. Waambie kesho asubuhi waje. Kitu cha watu wengi hakiibiwi." Akamwita tena. "Na mama Peter. Mwambie naye."

"Hatakuja, baba."

"Mwambie."

Hawakupika. Walikula viazi alivyowaletea Mwanasha kutoka kwake, na vijana wa jirani wakalala uani na ng'ombe, fimbo zao magotini. Pikipiki ilipita barabarani, ikapunguza mwendo, ikaondoka.

*

Asubuhi ua ulijaa kuliko siku ya msiba. Beda alikuja na mwenzake mmoja na askari wa kata. Magreti naye alikuja. Alisimama mbali, nyuma ya zizi, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi.

Lightness ndiye aliyebandua udongo, kwa kisu cha jikoni, taratibu kama anayemenya yai. Gamba moja likadondoka, na jingine. Chini yake masizi. Beda alipiga magoti kwenye majivu na suruali yake safi, akafuta kwa kitambaa. Rangi ya chungwa ilitokea, imebabuka, imejikunja kama utando wa maziwa. Kisha maandishi, nusu yameungua. Alisoma namba mara mbili, akampa mwenzake naye asome.

"Ni lenyewe," alisema.

Ua ukapumua.

"Si walisema halikuwepo?" mtendaji aliuliza. "Kwa hiyo walidanganya?"

"Ama walidanganya, ama hawakujua walichonunua na kupakia watu," alisema Beda. "Sijui kipi kibaya zaidi."

Askari alikuwa ametoa kalamu. "Nani alilileta hapa?"

"Mimi," alisema Mwanasha.

"Ni langu," alisema Masunga juu ya sauti yake. "Nimelikomboa jana kwa jogoo, mashahidi wapo. Andika jina langu." Kisha akamgeukia Beda. "Swali langu uliliacha ukumbini. Nijibu sasa. Linakumbuka?"

Beda alikaa juu ya visigino. Alichukua muda kujibu, na wazee wakampenda kidogo kwa muda huo.

"Mzee, vitu hivi vimetengenezwa kuvumilia moto mkubwa. Mafuta ya ndege yakilipuka, yakawaka kwa muda, linavumilia. Lakini moto mdogo, wa kuni, kila siku, miezi yote hii..." Alikishika kile chuma kama anayepima homa ya mtoto. "Udongo huu huenda umelikinga. Huenda haukulikinga. Waliolitengeneza hawakulijaribu kwa moto wa namna hiyo. Na sisi kwenye muswada hatukuuandika."

"Mngetuuliza," alisema Masunga. "Huku watu hawaungui kwa moto mkubwa."

Hakuna aliyecheka. Mwenzake Beda alikuwa akitandika turubai jeupe ili walifunge, na askari akaomba watu warudi nyuma. Watu walirudi nyuma. Mmoja akaja mbele.

Magreti alipita katikati yao, akafika jikoni. Mafiga mawili yalikuwa yamesimama hapo yakitazamana, na kati yao shimo la majivu.

"Shikamoo, mama," alisema Masunga.

Magreti hakuitika. Aliinama, akaweka kiganja chake juu ya kile chuma, pale rangi ilipobabuka, akakiacha hapo. Alizungumza na Beda, lakini macho yake yalikuwa kwa Masunga.

"Injinia, niambie wewe, ili nijue kama nimpe huyu marahaba yake au nisimpe. Sauti ya mwanangu imo humu bado, au tumeshaipika?"